Mkebe wa Mwethya

Saa mbili na dakika tano asubuhi, Jumatatu, sahani ya mgonjwa wa kitanda cha dirishani ilikuwa na vipande sita vya karatasi na duara moja tu, nalo dogo.

Nzilani aliiinua kwenye mwanga. Alikuwa mtaalamu wa maabara katika hospitali moja mjini Kitui, na sehemu kubwa ya asubuhi zake ilikuwa kusoma maduara. Kila kipande cha karatasi, chenye upana wa kifungo cha shati, kililoweshwa dawa yake na kuwekwa juu ya bakteria waliotoka kwa mgonjwa. Dawa ikiwaweza, hawaoti karibu nayo, na panabaki duara safi. Isipowaweza, wanaota mpaka ukingoni mwa karatasi kama nyasi zinavyoota mpaka kwenye jiwe. Hapa walikuwa wameota hivyo kuzunguka karatasi tano. Mojawapo ilikuwa ya sindano ambayo mgonjwa alikuwa akidungwa tangu Ijumaa.

Mahali pamoja, kati ya karatasi mbili zilizokaribiana, palikuwa na upenyo mwembamba ambao haukuota kitu. Umbo hilo lina maana inayojulikana. Bakteria hawa walikuwa wakitengeneza kimeng'enya, protini inayoikata dawa kabla haijafanya kazi, na moja ya zile karatasi ilikuwa na kitu kinachokizuia.

Alimpigia simu Daktari Wangui, aliyekuwa wodini, akamweleza alichokiona.

"Hilo duara moja ni la meropenem?" Wangui aliuliza.

"Ndiyo. Lakini limepungua. Si la kupita, si la kuanguka."

"Kwa hivyo?"

"Kwa hivyo sijui. Kimeng'enya cha kwanza nimekiona. Kama kuna cha pili, kile kinachokata hata meropenem, nitajua kesho asubuhi."

Wote wawili walijua hesabu ilivyokaa. Meropenem ilikuwa sindano ya mwisho ambayo mgonjwa angeweza kuvumilia. Baada yake ilibaki kolistini, nayo huumiza figo, na figo za mgonjwa huyu zilikuwa zimekwisha kudhoofika.

"Namwanzishia meropenem sasa hivi," Wangui alisema. "Hatuwezi kungoja kesho. Lakini niulizie jambo moja. Faili inasema hajawahi kulazwa hospitali yoyote. Kama ni kweli, hicho cha pili angekitoa wapi? Nimemuuliza mzee wake mara mbili, ananijibu 'ndiyo daktari' kwa kila kitu. Wewe ni wa kwao."

Mgonjwa aliitwa Nthenya. Alitoka Mbumbuni, upande wa Makueni, na alikuwa amekuja Kitui kwa kongamano la akina mama wa kanisa. Siku ya kwanza aliimba akitetemeka chini ya leso. Siku ya pili alibebwa. Mumewe, Kimeu, alifika kesho yake na kikapu na koti zito ambalo hakulivua tena, ingawa kulikuwa na joto.

Nzilani alipoingia wodini, Kimeu alikuwa akimkanda mkewe paji la uso kwa kitambaa chenye maji.

"Unanimwagia masikioni," Nthenya alisema bila kufumbua macho.

"Masikio yako hayajanisikia miaka arobaini. Nimeona niyaoshe."

"Yalikataa kukusikia wewe. Watu wengine nawasikia."

"Mwaitu, umeamkaje?" Nzilani alimsalimia kama mtu anavyomsalimia mama yake.

"Nimeamka. Hilo moja nimeliweza."

Nzilani alivuta kiti, akauliza aliyotumwa kuuliza. Kimeu ndiye aliyejibu. Hapana, hajawahi kulazwa. Hata mtoto wao wa kwanza, Munyao, alizaliwa nyumbani. Hapana, hajachomwa sindano mwaka huu wala mwaka jana.

"Na dawa za kumeza, kabla ya kuja Kitui?"

Kimeu aliangalia dirishani. "Dawa gani? Hakuna dawa."

Juu ya kabati dogo palikuwa na kikombe cha uji kilichonywewa nusu. Kwenye kijiko, kando yake, palibaki nusu ya ganda la kapsuli, nyekundu. Nzilani aliliona, na Kimeu akaona kwamba ameliona. Lakini Nthenya alikuwa katikati yao.

"Dirisha la maabara liko mwisho wa korido," Nzilani alisema akiinuka. "Ukikumbuka jambo lolote, Baba Munyao, njoo tu. Huna haja ya kupanga foleni."

Alikuja kabla ya chakula cha mchana. Alitazama nyuma yake, akafungua koti, akatoa mkebe wa kakao uliofunikwa vizuri kwa karatasi ya nailoni na mpira.

"Si wangu," alisema. "Ni wa mwethya wa Mama Munyao."

Nzilani alikulia katika nyumba yenye mwethya, kwa hiyo hakuhitaji kuelezwa sana. Majirani huungana, wakalima matuta ya huyu leo na ya yule kesho, na asiyekuja kwa mwenzake hana wa kuja kwake. Wanawake wa kundi la Nthenya walianza kwa matuta, wakafika kwenye mbegu, wakafika kwenye viti vya matanga, mwisho wakafika kwenye dawa. Mwanamke akipata nafuu kabla dozi haijaisha, zilizobaki huzitia mkebeni. Anayeugua huchukua. Nthenya ndiye mtunzaji, kwa kuwa anasoma maandishi madogo, na kwa kuwa hamnyimi mtu.

"Wanajua kwamba dozi inatakiwa kumalizwa?" Nzilani aliuliza.

"Wanajua, waliambiwa." Kimeu alikuna kidevu. "Lakini mtu ameshapona, na jirani ana homa. Kuzimaliza zote peke yako si ni uchoyo?"

Nzilani alifungua mkebe na kuumimina juu ya trei. Kulikuwa na kapsuli za rangi mbili, nusu za vidonge zilizokatwa kwa kisu, na chupa ya dawa ya mtoto ambayo haikuwa imewahi kukorogwa.

"Umekuwa ukimpa hizi hapa wodini?"

"Moja, asubuhi, kwa uji. Nilidhani hiyo dripu ni maji tu."

"Usimpe tena."

"Simpi. Lakini usimwambie ni mimi nimekuletea."

"Kwani mkebe una miguu?"

"Nitasema umeibwa."

"Na nani, Baba Munyao?"

Kimeu alifikiri. "Hapo sasa," alisema.

Chini ya rundo palikuwa na mfuko mdogo wa plastiki wenye lebo ya hospitali kubwa ya Nairobi. Ndani yake mlikuwa na vidonge vya dawa kali kuliko zote zilizokuwa mkebeni, na kwenye lebo jina la Kathini.

"Kathini ni nani?"

"Ni rafiki yake. Ndiye mwenyekiti wa mwethya. Mwaka jana alipasuliwa Nairobi, akakaa huko muda mrefu, akarudi na mpira wa mkojo na mfuko wake. Watoto wako Mombasa. Basi wamama wakagawana kazi. Wengine wakachukua shamba lake, wengine maji, wengine kuni. Mama Munyao akasema, mimi nachukua Kathini mwenyewe. Alikuwa anamwosha, anamwaga ule mfuko, anamgeuza. Mpaka akasimama."

"Alikuwa na glavu?"

Kimeu alimtazama kama mtu aliyeulizwa kitu cha ajabu. "Glavu za nini? Si ni Kathini."

Nzilani alimpigia Wangui na kumweleza. Nthenya hakuwa amewahi kulazwa hospitali kabla ya hapo, lakini kwa miezi kadhaa mikono yake ilikuwa imemhudumia mtu aliyetoka humo. Bakteria wa namna hii wanaweza kukaa matumboni muda mrefu bila kumdhuru mtu, hadi siku wanapoingia kwenye njia ya mkojo na kupanda figoni. Uwezekano wa kimeng'enya cha pili ulikuwa umeongezeka. Hakuna lililothibitishwa zaidi ya hapo.

Kimeu hakuondoka dirishani. Alimtazama Nzilani akichota bakteria kwa kitanzi cha waya, akiwatia katika chupa ndogo ya mchuzi wa kuoteshea bakteria, kisha akidondosha humo karatasi moja ya meropenem.

"Hao ndio wake?"

"Ndio wake. Nimewafungia pamoja na dawa. Jioni nitaitoa karatasi niiweke juu ya bakteria wengine, wanyonge, ambao dawa hii huwaua bila shida. Kama wa Mama Munyao wameikata dawa, karatasi itakuwa tupu, na wale wanyonge wataota mpaka kwenye ukingo wake. Kama wameshindwa kuikata, kesho kutakuwa na duara."

"Kwa hivyo tunataka duara."

"Tunataka duara."

"Na likikosekana?"

Nzilani alimweleza juu ya kolistini na figo. Alimweleza kwa maneno mafupi na hakupunguza kitu, kwa kuwa mzee alikuwa ameuliza. Kimeu alifunga vifungo vyote vya koti, kuanzia chini, akarudi wodini.

Alasiri Nzilani alikwenda kuchukua sampuli nyingine. Homa ilikuwa bado juu, lakini Nthenya alikuwa macho, na sauti yake ilikuwa na nguvu kuliko asubuhi.

"Ameniambia," alisema. "Alianza kusema mkebe umeibwa, akashindwa katikati. Huyu mtu hajawahi kuumaliza uongo hata mmoja tangu anioe."

Kimeu alikuwa ameketi upande wa pili akimenya papai kwa makini makubwa.

"Nataka kukuuliza, mwanangu. Hao wadudu wangu wametoka kwa Kathini?"

"Hatujui, mwaitu."

"Najua hamjui. Wewe unafikiri nini?"

"Mimi hupima."

"Hakuna mtu anayepima bila kufikiri. Hata anayepima ndengu anafikiri."

Nzilani aliweka chupa ya sampuli juu ya kabati. "Inawezekana ni kwake. Inawezekana pia ni mkebe. Mtu akimeza nusu dozi, bakteria wadhaifu hufa na wenye nguvu hubaki. Kisha hao wenye nguvu hupeana. Anayejua kutengeneza kile kimeng'enya humpa mwenzake kipande cha maagizo, na huyo naye anaweza. Hata kama si wa ukoo mmoja."

"Anampa bure?"

"Bure."

"Kumbe nao wako na mwethya," Nthenya alisema.

Nzilani alitafuta kosa katika ulinganisho huo, na hakulipata.

"Sasa nisikilize. Kathini asiambiwe."

"Akiugua, daktari wake lazima ajue."

"Daktari ajue. Yeye asijue. Roho yake ni nyepesi yule. Atakuwa ananitazama kanisani kama mtu aliyevunja chungu cha wenyewe."

"Siwezi kumdanganya mtu, mwaitu."

"Nimekuambia udanganye? Nimekuambia usiseme."

"Akiniuliza, nitasema kilichothibitishwa tu. Na haijathibitishwa kwamba ni yeye."

Nthenya aliligeuza jibu hilo kichwani. "Hilo linatosha," alisema. "Walikusomesha vizuri." Kisha akageuza uso upande wa mumewe. "Baba Munyao. Ndengu zikikauka, usimpelekee yule mnunuzi wa Kathonzweni. Mizani yake si ya kweli."

"Utamwambia mwenyewe."

"Nakuambia wewe."

Kimeu alikata kipande cha papai, akakitazama, akakirudisha kwenye sahani. "Sitampelekea," alisema.

Nzilani alichukua chupa yake. Alikuwa mlangoni aliposikia Nthenya akisema, kwa sauti ya chini lakini si ya siri, "Nipe basi hilo papai, umelimenya mpaka limekuwa dogo."

Jioni, kabla ya kufunga maabara, aliitoa karatasi kwenye chupa na kuiweka juu ya sahani mpya ya bakteria wanyonge. Kando yake aliweka nyingine mbili za kulinganisha. Moja ilikuwa imefungiwa na bakteria wanaojulikana kuikata dawa, nyingine na wasioweza. Aliiingiza sahani katika kabati la joto.

Jumanne asubuhi alimkuta Kimeu kwenye benchi chini ya dirisha la maabara. Hawakusalimiana kwa urefu. Nzilani alifungua mlango, akanawa mikono, akavaa glavu, akaitoa sahani.

Alianza na karatasi za kulinganisha, ingawa macho yalitaka kwenda kwingine. Kama hizo zina kasoro, ile ya tatu haina maana. Ya kwanza haikuwa na duara, kama ilivyotakiwa. Ya pili ilikuwa na duara pana, kama ilivyotakiwa. Ndipo alipoitazama ya Nthenya. Alichukua rula, akapima, akaigeuza sahani, akapima tena.

Milimita ishirini. Mpaka wa chini ulikuwa kumi na tisa.

Alimpigia Wangui kwanza, kwa kuwa huo ndio utaratibu. "Hakuna cha pili," alisema. "Meropenem haikatwi. Endelea nayo." Wangui alivuta pumzi ndefu iliyosikika kwenye simu, akasema asante, akakata.

Kisha Nzilani aliileta sahani mpaka kwenye kioo cha dirisha na kumwonyesha Kimeu mahali pa kutazama.

"Hili ndilo?"

"Hilo ndilo."

"Ni dogo."

"Linatosha."

Kimeu aliliangalia muda mrefu. Alikunja kidole gumba na cha shahada mpaka vikapata ukubwa ule ule, akalinganisha na sahani kupitia kioo, akarekebisha kidogo. Kisha akaondoka kwenye korido akiwa ameinua mkono mbele yake, vidole vikiwa vimekunjwa hivyo hivyo, akipishana na watu kwa uangalifu ili duara lisiharibike kabla hajafika wodini.

Jumatano homa ilishuka. Figo zilikuwa bado dhaifu lakini zimeacha kuzorota. Daktari Wangui alisimama kando ya kitanda na kusema, "Shosho, leo unapendeza."

"Mimi si shosho," Nthenya alimjibu. "Shosho ni nyanya wa kwenu Wakikuyu. Kwetu Wakamba mimi ni susu. Ukisema vizuri nitakuongezea na jina."

"Susu," Wangui alisema.

"Umeona, hata haiumi mdomo."

Dawa za mkebe zilipelekwa kwenye chumba cha dawa kuharibiwa. Nthenya hakupinga, ila alisema dawa ni zenu, mkebe ni wa mwethya, nirudishieni. Ulirudishwa ukiwa umeoshwa, na ukakaa mtupu juu ya kabati. Kimeu aliuliza kama angeweza kutia ugoro wake humo. Aliambiwa ajaribu aone.

Alhamisi, baada ya chakula cha mchana, mwanamke mwembamba aliyevaa sare ya akina mama wa kanisa alisimama kwenye dirisha la maabara. Alikuwa ametembea polepole, na mkono mmoja ulikuwa umeshikilia tumbo.

"Wewe ndiwe Nzilani?"

"Ndimi."

"Mimi ni Kathini." Alipumua kwanza. "Kimeu alinipigia simu. Alianza kusema ni malaria."

Kathini alishika ukingo wa dirisha.

"Ni mimi niliyempa?"

"Haijathibitishwa."

"Inaweza kuthibitishwa?"

"Naweza kupima sampuli yako. Nikiwapata, utajua unao, na siku ukiugua daktari atajua aanzie wapi. Lakini kwa vifaa vilivyo hapa sitaweza kukuambia nani alimpa nani."

Kathini alitafakari huku akitazama chupa zilizopangwa rafuni. "Nipime basi hiyo ya kunisaidia," alisema. "Hiyo nyingine iache hapo ilipo."

Nzilani alimpa chupa ya sampuli, na ilipojazwa akaibandika jina. Kisha akamsindikiza wodini, akamwonyesha bomba na sabuni, na namna ya kunawa mpaka katikati ya vidole. Kathini alinawa kama alivyoonyeshwa, akarudia mara ya pili bila kuambiwa. Nesi alimpa glavu.

Nthenya alimwona akija. "Nani amekuambia?"

"Mume kama huyu utamfichia nini?"

Kimeu aliinuka, akaenda kutazama nje dirishani.

"Wameniosha tayari asubuhi," Nthenya alisema.

"Mgongo walikufikia?"

"Mgongo hapana."

Kathini aliweka karai juu ya kiti, akalowesha kitambaa, akakikamua.

"Na hizo glavu? Unanivalia glavu, mimi?"

"Nakuvalia. Geuka."

Saa nane na nusu Nthenya aligeuka upande wa ukuta, na Kathini akamwosha mgongo.